Uzi: Kung'arisha kalamu za mbao kwa supagluu (na jinsi nilivyoharibu kumi na mbili kwa usiku mmoja)

#1 Mkerezaji wa Tanga

Wakuu habari za saa hizi.

Kwenye ule uzi wa vinyago watu wamebishana sana kuhusu kalamu za mbao zinazouzwa kwa watalii, zimepakwa nini mpaka zinang'aa vile. Mmoja kasema vanishi, mwingine klia ya magari. Ni supagluu, jamani. Hiyo hiyo mnayobandikia soli na mpini wa kikombe. Mimi nakereza (nachonga kwa mashine inayozungusha mbao) kalamu, shanga za tasbihi na vishikio vya funguo mwaka wa sita sasa, na hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Acha niliandike mara moja, akija mwingine nampa linki.

Nianze na aibu yangu. Mteja aliagiza kalamu kumi na mbili za mninga, zawadi za kamati ya harusi. Kukereza nikamaliza vizuri, nikabaki na usiku mmoja wa kupaka. Nikasema nitakimbiza. Napaka gundi nzito, napuliza ile dawa ya kukaushia, napaka tena, napuliza tena. Saa sita usiku zinang'aa mpaka najiona meno. Asubuhi nafungua boksi: sita zina wingu jeupe ndani ya gundi, kama mtu kakipumulia kioo na ukungu umegoma kutoka. Mbili zimepasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Zilizobaki zina vipovu vidogo ambavyo mteja asingeviona ila mimi naviona. Nilikwangua zote kwa patasi mpaka kwenye mbao na kuanza upya. Harusi ilipita, kalamu zikafika Jumatano.

Kosa lilikuwa hili: niliichukulia gundi kama rangi. Rangi inakauka kwa sababu tina inaruka hewani. Gundi hii hairuki, inaganda, na kinachoigandisha ni unyevu ulioko juu ya mbao na hewani. Ukipaka nyembamba, unyevu unaifikia yote na inaganda sawasawa. Ukipaka nene, juu inaganda, chini bado maji. Ukiipuliza dawa inaganda yote kwa mpigo, inapata moto, inachemka, na vipovu vinafia humo humo. Wingu jeupe ndilo hilo.

Sasa kazi yenyewe.

Gundi haifichi kitu, inakuza. Mkwaruzo wa msasa ambao hukuuona mbao ikiwa kavu, ukishapaka unakuwa mfereji. Mimi napitisha msasa 150, 240, 320, 400, na kila namba nikimaliza nasimamisha mashine napiga mikono michache kwa urefu wa mbao, kufuata nyuzi, ili kufuta yale mapete ya kuzunguka. Halafu brashi kavu ya rangi kutoa vumbi kwenye vitundu. Vumbi likibaki ndani ya mbao nyeusi linakuwa michirizi ya kijivu, na hapo huna pa kulifuata tena.

Tishu ya jikoni, ile nyeupe isiyo na maua. Chana upana wa vidole viwili, kunja mara tatu. Ya chooni inaacha manyoya. KITAMBAA CHA PAMBA USITUMIE. Gundi hii ikikutana na pamba inaganda kwa kasi ya ajabu na kutoa moto wa kweli. Mwaka wa kwanza nilitumia kipande cha fulana kuukuu, kikaanza kutoa moshi mkononi mwangu huku kimeshanigandia vidole viwili. Alama ninayo hadi leo.

Mashine iwe taratibu, yangu mwendo wa chini ni mizunguko 500 kwa dakika na unatosha. Ukienda kasi gundi inakurukia usoni. Weka tishu CHINI ya kalamu, chupa juu, dondosha matone mawili matatu huku mikono yote miwili ikitembea pamoja kutoka kushoto kwenda kulia. Ukifika mwisho rudi mara moja, toa mkono. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Unaona kamstari kadogo hakajakaa sawa, unarudisha tishu kukasawazisha, tayari gundi imeshaanza kushika, tishu inanata na inaacha bonde na manyoya. Achana nako. Mkono wa gundi unaofuata utakafunika, na msasa utakamaliza.

Ukiangalia kwa pembeni, taa ikiwa nyuma ya kalamu, utaona ule ung'avu wa maji unatulia na kuwa kama ngozi. Kwangu inachukua dakika moja na nusu hivi, masika inawahi zaidi. Hesabu nyingine dakika juu yake, ndipo mkono mwingine.

Mikono mitatu ya gundi nyembamba ile kama maji, izame kwenye vitundu. Halafu minane ya ile nzito kidogo, hiyo ndiyo inajenga unene. Kama dukani kwenu ipo nyembamba tu, haina shida, utapaka kumi na tano badala ya kumi na moja.

Halafu iache. Ilale usiku mzima. Hii ndiyo dawa ya wingu jeupe na nyufa, haina mbadala.

Kusugua nitaeleza chini, vidole vimechoka.

#2 Kijana wa Keko

Mkuu natia nanga hapa. Mimi najua kukereza miguu ya vitanda tu, gundi naibandikia. Endelea.

#3 Mkerezaji wa Tanga

Kusugua sasa.

Asubuhi kalamu itakuwa inang'aa lakini ina mawimbi, kama barabara ya vumbi baada ya mvua. Msasa wa maji namba 600, uloweshe, mashine ipande hadi elfu moja hivi, pitisha kwa mkono mwepesi. Simamisha, futa, angalia. Utaona sehemu kubwa imefifia na hapa na pale kuna madoa yanayong'aa. Madoa hayo ni mabonde, msasa haujayagusa. Endelea mpaka doa la mwisho lipotee, kalamu yote iwe butu, rangi moja, kama kioo kilichopigwa mchanga. Mtu akikwambia kalamu yake haing'ai hata baada ya kompaundi ya kung'arishia, nenda kaangalie, utakuta aliacha madoa.

Lakini usikaze mkono. Ukisikia msasa umebadilika sauti na maji yamekuwa ya kahawia badala ya meupe, umetoboa gundi, umefika kwenye mbao. Rudi ukapake.

Baada ya 600 ni 1000, 1500, 2000, zote za maji, zinapatikana kwenye maduka ya rangi za magari maana ndizo wanazotumia wale wa kunyoosha bodi. Halafu kompaundi ya kung'arishia magari kwa tishu. Wenzetu wa nje wana vile vipande vya msasa laini vya Micro-Mesh, tisa vya rangi tofauti, kuanzia 1500 hadi 12000. Ninavyo, vizuri sana, lakini kwa mteja wa kawaida kompaundi inatosha.

Na hili niliandike peke yake: kabla hujaleta maji, ziba vichwa vya kipande kwa gundi. Zile ncha mbili, pale mbao inapokutana na mrija wa brasi ulio ndani yake. Maji yakiingia hapo yanapita chini ya gundi, na kesho una duara jeupe.

#4 Mwana wa Kibokoni

Shukran ndugu yangu, wallahi umenifungua macho. Mimi niko Mombasa, nafanya shanga za tasbihi kwa mashine ndogo. Yangu shida ni nyingine. Sipulizi dawa, napaka nyembamba, na bado mara nyingine naamka nakuta ungaunga mweupe juu. Si ndani, juu. Ukiupangusa watoka kidogo, wabaki kidogo. Mwezi wa tano ndio balaa.

#5 Mkerezaji wa Tanga

Dada yangu, ungaunga huo ni moshi wa gundi yenyewe. Ikiwa inaganda kuna mvuke unatoka, ule unaochoma macho. Hewa ikiwa imejaa unyevu, na mwezi wa tano kwetu pwani si unaijua, mvuke unagandia hewani na kurudi kutua juu ya kazi yako. Shida inazidi ukizifungia shanga kwenye kopo au kibanda hakina upepo.

Fanya hivi: paka kati ya saa sita na saa tisa mchana jua likiwa kali, si asubuhi na si usiku. Weka kifeni kidogo kwa mbali kinachovuta hewa kutoka kwako, kisikupulizie kazi. Na usizifungie mpaka kesho yake. Ungaunga wa juu msasa wa 1000 unautoa wote, usiogope. Ule wa ndani ndio msiba.

#6 Mwana wa Kibokoni

Alaa! Mimi huzifungia kwa kopo la maziwa nikihofia vumbi. Kumbe najichimbia mwenyewe.

#7 Fundi Mstaafu

Vijana, mimi nimefanya useremala miaka arobaini. Gundi mnayopaka ni plastiki. Mmechukua mti wa Mungu mkauvisha nailoni. Sisi tulipaka polishi ya spiriti, ile ya magamba unayaloweka usiku kucha, unapaka kwa kitambaa kilichofungwa na pamba ndani, mkono unakwenda kama unaandika namba nane. Ukikishika unajua umeshika mbao. Hivi vyenu ni kama kushika kifuniko cha peni ya dukani.

#8 Mkerezaji wa Tanga

Shikamoo mzee wangu.

Sikupingi hata kidogo. Kiti, meza, kitanda, sanduku, siwezi kupaka gundi hata unilipe. Polishi ya spiriti ina joto ambalo gundi haina. Lakini kalamu, mzee, inashikwa kutwa na mkono wenye jasho. Polishi ya spiriti inavumilia maji na jasho kidogo sana. Nilianza nayo. Kalamu ya kwanza niliyomuuzia mwalimu ilirudi baada ya miezi mitatu, pale anaposhika pamekuwa butu na pananata. Ya gundi niliyompa badala yake anayo mpaka leo.

Na uko sahihi kuhusu plastiki. Ikishaganda ni plastiki kweli, ndugu ya ile ya vioo vya akriliki.

#9 Fundi Mstaafu

Marahaba. Kwa kalamu nakuachia. Usije ukapaka kitanda cha samadari.

#10 Mchonga wa Mwenge

Mimi nina swali la mpingo. Nimejaribu mara tatu, gundi inabanduka yenyewe kama ganda la kidonda. Mninga inashika, mfenesi inashika, mpingo hapana.

#11 Mkerezaji wa Tanga

Mpingo una mafuta yake, na mtiki hivyo hivyo. Gundi inashika mafuta badala ya kushika mbao. Baada ya msasa wa mwisho futa kwa asetoni kwenye tishu, utaona tishu inatoka na rangi ya zambarau nyeusi. Futa mpaka inatoka karibu safi. Subiri asetoni iruke, dakika mbili tatu, halafu paka mkono wa kwanza HAPO HAPO. Ukienda kula ukarudi, mafuta yamepanda tena kutoka ndani.

Lakini mkuu nikuulize, kwa nini unaupaka mpingo? Ule mti ni mzito mpaka unazama majini, hauna vitundu vya kuziba. Pitisha msasa hadi 2000 ukiwa mkavu, halafu kitambaa kikavu. Unang'aa wenyewe. Klarineti na obo za Ulaya, zile ala za kupuliza, zinatengenezwa kwa mpingo huu huu wa Mtwara na Lindi, na hazipakwi vanishi, zinapanguswa mafuta basi. Mimi mpingo nauacha uchi. Wateja wachache wanaotaka kioo ndio nawapakia.

Ila vaa barakoa, vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua.

#12 Mchonga wa Mwenge

Naupaka kwa sababu wateja wamezoea vile vinyago vya mti mweupe vilivyosuguliwa rangi ya viatu nyeusi wakaambiwa ni mpingo. Wa kwangu wa kweli ukiwa uchi wanasema mbona umefifia 😂

#13 Mkerezaji wa Tanga

😂😂 Mkwangulie kidogo kwa ndani na kisu mbele yake. Wa rangi ya viatu utaonyesha meno meupe.

#14 Kijana wa Keko

Wakuu nimejaribu jana kwa mkorosho. Imeng'aa ila sasa kalamu haitoki kwenye chuma kinachoishika kwenye mashine, imegandana na zile bushi (pete za chuma) mbili za pembeni. Nimepiga nyundo kidogo, gundi imeng'oka upande mmoja pamoja na kibanzi cha mbao.

#15 Mkerezaji wa Tanga

Nyundo tena, mdogo wangu!

Kabla ya kupaka, toa bushi, zipake nta ya mshumaa upande unaogusana na mbao, rudisha. Ukimaliza kupaka, kabla hujatoa chochote, chukua wembe, zungusha mashine kwa mkono, kata pale bushi inapokutana na mbao. Kata kweli, usikie wembe umegusa chuma. Ndipo utoe, na kwa kuzungusha, si kwa kuvuta. Siku ukipata hela mwambie mkereza chuma akutengenezee bushi za plastiki nyeupe ile ya vibao vya kukatia nyama. Gundi haiishiki kabisa.

Ya kwako iliyong'oka haijafa. Sugua upande ule tu hadi mpaka wa gundi na mbao usikwaruze kucha, paka mikono mitano, halafu sugua yote pamoja.

#16 Mama Vikuku

Samahani kwa kuingilia, mimi nafanya vikuku na pete za mbao. Mvuke wa gundi unanitoa machozi na siku hizi nikimaliza kupaka napiga chafya hadi usiku. Je, barakoa ya kawaida inatosha? Na chupa yangu huwa inaganda kabla sijafika nusu.

#17 Mkerezaji wa Tanga

Dada, hiyo ya chafya usiichukulie poa. Kuna watu mwili unaikataa gundi hii pole pole, mwanzo chafya, baadaye kifua kinabana kama pumu, na ikishafika huko hata harufu kidogo inatosha kukuangusha. Barakoa ya kitambaa au ile ya bluu ya hospitali inazuia vumbi, mvuke unapita. Inatakiwa ile ya mpira yenye makopo mawili ya mkaa, wanayovaa wanaopuliza rangi za magari. Na fanyia nje, upepo ukiwa mgongoni kwako. Ikiendelea hata hivyo, nenda hospitali na uwaambie unafanya kazi na gundi hii, wasidhani ni mafua. Na uhamie polishi ya mzee wetu hapo juu.

Miwani lazima kwa kila mtu. Mkono wa kanzu, ncha ya mtandio, kamba ya barakoa, vyote vifungwe, mashine haina adabu. Na tishu usiizungushe kidoleni. Ishike kwa ncha, ikinaswa ichanike yenyewe, si kidole. Glovu za pamba hapana kabisa, kwa sababu ile ile ya fulana yangu.

Vidole vikigandana usivute. Maji ya uvuguvugu na sabuni, au dawa ya kuondolea rangi ya kucha, soma kama ina asetoni. Ukiwa na haraka utaacha ngozi.

Chupa: ambayo hujaifungua iweke kwenye friji. Ukiitoa usiifungue ikiwa baridi, iache mpaka ifanane na joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa unaingia ndani na kuigandisha. Iliyofunguliwa iweke wima kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vijipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya.

#18 Msomi wa Bongo

Nimesikia gundi hii iligunduliwa vitani. Ni kweli au hadithi za vijiweni?

#19 Mkerezaji wa Tanga

Nusu kweli. Mwaka 1942 mkemia Harry Coover wa kampuni ya Kodak huko Marekani alikuwa anatafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Akakutana na hii, ikamgandia kila kitu, akaitupa. Mwaka 1951 yeye na mwenzake Fred Joyner wakaipata tena katika utafiti mwingine, Joyner akaipaka katikati ya vioo viwili vya kipimo cha kupinda kwa mwanga ili aisome, vioo vikagoma kuachana. Hapo ndipo wakaelewa walichonacho, na mwaka 1958 ikaanza kuuzwa.

Kwa hiyo tangu mwanzo mtu alikuwa anaitafuta kwa ajili ya uangavu, kunata kukawa ndiyo kero. Sisi tunaopaka kalamu tumemrudishia kazi yake.

#20 Msomi wa Bongo

Asante. Na bakuli la chakula linapakwa? Na mwiko?

#21 Mkerezaji wa Tanga

Mimi sipaki. Kwenye joto la sufuria inalainika na kubanduka, hutaki vipande hivyo kwenye ugali. Mwiko uache mtupu, bakuli la matunda paka mafuta.

#22 Kijana wa Keko

Wakuu nimerudi. Nimefanya ya pili, mkorosho tena. Nta nimepaka, wembe nimekata, imetoka yenyewe bila nyundo. Nimeilaza usiku. Leo nimesugua mpaka madoa yakaisha, 2000, kompaundi. Mke wangu kaishika akauliza nimeinunua wapi.

Ila ncha moja ina kaduara keupe, kama uzi hivi. Upande wa juu tu.

#23 Mkerezaji wa Tanga

Hongera sana mdogo wangu. Kaduara ni maji. Ulisahau kuziba kichwa hicho, si ndio?

#24 Kijana wa Keko

Nilikiziba kimoja. Cha pili shemeji alipiga simu nikasahau.

#25 Mkerezaji wa Tanga

Iweke juani leo na kesho, mara nyingine unyevu unatoka na kaduara kanapungua. Kasipotoka, rudisha kwenye mashine, kwangua kwa patasi kali upana wa punje ya mchele hapo mwisho, uone mbao kavu, ziba kichwa, mikono mitano, ilaze. Simu zima.